Sufi Kwenye Michongoma

Jumatatu, 4 Machi

Wifi ametupa mto wa kaka yake! Nimetoka kidogo tu kununua zipu, narudi naukuta juu ya pipa la taka, umelalia maganda ya viazi. Umechanika ubavuni, sufi inamwagika. Foronya haipo hata. Nimemuuliza. Eti miezi minane ya msiba inatosha, mto haumrudishi mtu, na chumba kinanuka ugonjwa. Nikamwambia kinachonuka ni mdomo wake. Tumekula kila mtu na upande wake.

Mto nimeuokota. Kuulalia siwezi, kuutupa siwezi. Nimeuanika dirishani, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Chiriku! Niko kwenye cherehani, namwona huyo, anachomoa sufi pale palipochanika. Kajaza mdomo mpaka kaota masharubu. Kaenda zake kwenye michongoma ya uani. Karudi. Kaenda tena. Mwizi asiye na haya! Nimecheka peke yangu — mara ya kwanza tangu msiba. Marehemu mume wangu alikuwa akiniita mimi chiriku, kwa sababu ya huu mdomo wangu.

Sasa najua mto ni wa nani.

Nimechukua wavu wa vitunguu, nimeujaza sufi, nyuzi za sakafuni, manyoya ya paka wetu kutoka kwenye brashi yake. Nimeutundika kwenye michongoma, ajengee kiota. Wifi kapita, kasema sasa nimehamia rasmi kwa wendawazimu. Nimemjibu huko kuna raha, hakuna mawifi.

Jumapili, 17 Machi

Nimefanya ujinga. Nyuzi nilizitundika ndefu ndefu, kama zilivyoanguka kutoka kwenye cherehani. Leo chiriku kaning'inia kwa mguu mmoja, uzi wa nailoni umemkaza, anapigapiga mabawa. Nimeukata kwa mkasi mdogo wa vifungo. Karuka. Mimi nikakaa chini, nikalia.

Nailoni yote nimeitoa. Sasa ni pamba tupu, na uzi usizidi urefu wa kidole. Wateja wanataka sketi zao, mimi nakatia ndege nyuzi. Wangoje.

Jumatano, 27 Machi

Mayai matatu! Mama yao alipotoka nimepanda kigoda nikachungulia, mara moja tu. Ndani wametandika sufi ya marehemu, nyeupe pe. Pembeni kuna uzi mwekundu, ule wa mapazia niliyomshonea mwalimu. Nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kichwa chake kilikuwa juu ya sufi ile alipokata roho. Leo kuna mayai juu yake. Halafu mtu aje aniambie hiyo ni takataka!

Na kaja kweli. Mwenye nyumba, yule tunayemwita Bwana Fagio, kapita kukagua. Kauona wavu. Eti nimeigeuza michongoma yake jalala, nawaalika panya. Nikamweleza taratibu: kuna kiota, makinda wakisharuka nitaondoa kila kitu mwenyewe. Akasema yeye hapangishi ndege. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mkata miti, michongoma yote chini, unajengwa ukuta.

Nimemwambia alete na jeshi.

Ijumaa, 5 Aprili

Wameanguliwa! Watatu. Ni midomo tu, mengine yote ngozi.

Nimempigia simu Bwana Fagio, nimemwomba wiki mbili. Nimeomba, mimi! Kasema nisimchoshe. Haya.

Wifi kaniuliza kwa nini najidhalilisha kwa ajili ya vindege. Ikanitoka: mle ndani kuna mto wa kaka yako, nenda kachungulie. Baadaye nimemwona, kapanda kigoda changu pale kwenye michongoma, mkono mdomoni.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika hapa hapa uani, mgongo kwenye michongoma. Miiba inanichoma. Cherehani nimeitoa nje tangu asubuhi, nimeiweka mbele ya kiota. Nashona sketi za watu. Anayetaka kukata aanze na mimi.

Mkata miti kaja na msumeno. Kasikia makinda wanalia, kaweka msumeno chini, kawasha sigara. Kasema mimi na Bwana Fagio tumalizane kwanza, yeye hana haraka. Bwana Fagio kafoka mpaka majirani wamejaa madirishani. Eti nitahama. Nimemwambia nitahama — makinda wakishahama. Kasema atahesabu mpaka kumi, halafu anaushika msumeno mwenyewe.

Anahesabu kweli! Mtu mzima!

Moja. Mbili.

Wifi katoka jikoni na kigoda. Anakuja kuniondoa, najua. Ana kitu kwapani... Foronya! Ile ya maua ya bluu. Kumbe aliificha muda wote huu, mimi nikidhani imeozea jalalani. Kakaa kando yangu. Kachukua mkasi wangu bila kuomba, kama kawaida yake. Anafumua pindo, anakata nyuzi fupi fupi. Nimemwambia usizidi kidole. Kasema ana macho.

Nimemuuliza za nini sasa, kiota si kimeshajengwa? Eti mwakani watajenga tena.

Tano. Sita.

Bwana Fagio kamsihi Wifi, yeye ndiye mwenye akili humu ndani, aniondoe. Wifi hata kichwa hakuinua. Kamwambia ahesabu, mbona amenyamaza?

Saba.

Kaushika msumeno. Mama yao yuko juu ya waya wa nguo, ana mdudu mdomoni, anatungoja.

Nane.

Wifi ananisukuma kwa kiwiko. Eti nisogee na yeye aegemee michongoma, nimeziba nafasi yote peke yangu.