Sikujisengenya, Mama
St Marys, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine ya jana ambayo simu ilikata. Kifua kimepona? Mguu wa Baba je? Mimi ni mzima, tena nina raha hadi naona haya. Bahati akirudi kutoka ghalani Ingleburn hugonga mlango ilhali ufunguo anao, eti anataka nimfungulie mimi. Kila siku, Mama! Najisikia bibi harusi upya.

Najua umeshaambiwa kuwa nimekuaibisha kwa wakwe. Nilichosema sikikani, na radhi siombi. Ila kisikie kutoka kwangu.

Bibi Rivka, yule mzee Myahudi ninayemhudumia nyumbani kwake, siku moja nilimwaga chai mezani pake. Nikasema, "Mimi mjinga kweli."

Akanikazia macho. "Unamsengenya nani?"

"Hakuna, Bibi, najisema mwenyewe."

"Yusta naye ni mtu. Nyumbani kwangu hasengenywi."

Akanieleza kuwa dini yao inakataza kumsema mtu vibaya, na wapo walimu wao wanaosema hata mwenyewe umo. Hata mahakamani kwao, anayejishuhudia kuwa mwovu haaminiwi. "Kosa likiri," akasema. "Kisha lete kitambaa. Kujitukana hakufuti meza."

Basi ikafika Jumamosi ya mimi bibi harusi kuwapakulia wakwe chakula cha kwanza. Uliniagiza nipige magoti niseme kama ulivyosema wewe kwa bibi, mama mkwe wako: sijui kupika, sijui kazi, mmeletewa mzigo, nivumilieni. Mama, tangu alfajiri nilikuwa jikoni! Samaki niliwafuata Cabramatta, na sombe, majani yale ya muhogo, ililainika kama siagi. Niseme sijui kupika?

Magoti nilipiga, maana heshima sikuikataa. Nikasema, "Wazazi wangu, nimewapikia vizuri. Kazi naijua, na nisiyoyajua nitauliza. Karibuni."

Shangazi yake Bahati akashika kiuno. "Ee! Bibi harusi gani huyu, anajitangaza kama sabuni?"

"Na inang'arisha, Shangazi!" Bahati akajibu. Nilitamani kumbusu mbele ya kanisa zima lililoalikwa.

Mama mkwe akala, mimi bado nimepiga magoti. Mwishowe akasema, "Mimi nilisema sijui kupika. Mama mkwe wangu akaniamini mpaka tukamzika." Akasogeza sahani. "Sombe nzuri. Niongezee."

Sasa Mama, atakupigia Jumapili. Usimwambie tena, kama siku ya posa, kwamba wewe ni mama usiyejua kulea na mmewapa mtoto asiye na faida. Mama aliyenilea namfahamu. Simruhusu mtu yeyote amseme vibaya, hata wewe.

Mwamkie Baba, mjomba fundi baiskeli, na dada mkubwa na wanawe. Bahati anakupa shikamoo kwa magoti yote mawili.

Ni mimi mwanao, mpishi mzuri,
Yusta