Viti vya Parokia Uani

Jumatatu, 3 Machi
Uji, viatu, shule, kisha ofisini. Kila asubuhi Neema huuliza, "Tonton, mama iko wapi leo?" Ana miaka sita. Mama yake ni Béa, dada yangu mkubwa ninayemwita yaya, sajini. Ndege ya jeshi ilimpeleka mashariki mwezi uliopita. Mimi hujibu, "Iko ku kazi." Mdogo wake Plamedi ana minne, haulizi. Mimi, mjomba wao, ni karani wa vizazi na vifo. Nimezoea karatasi. Watoto wananiogopesha.

Jumatano, 5 Machi
Simu ya yaya haipatikani tangu Jumapili. Sikuwaambia. Neema aliuliza kama mama amepiga. Nikasema ndiyo, mlipokuwa shuleni. Anawasalimu. "Bon," akasema, akaenda kucheza. Uongo ulitoka kirahisi mno.

Ijumaa, 7 Machi
Kimya. Ofisini nimekosea jina la mtoto mchanga mara mbili. Mama Julienne wa parokia anasema kesho watakuja kumwombea yaya nyumbani. Nimekubali. Angalau nisiogope peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya kosa kubwa. Viti vya parokia vilifika mchana, vikapangwa uani. Kinamama wakaketi, vitambaa kichwani. Neema alitoka kuoga akaviona. Hapa kwetu viti vingi uani ni matanga. Hakulia. Aliingia ndani, akamvua Plamedi shati, akamvalisha lile jeusi la matanga ya babu yao. Nilimkuta akimfunga vifungo.

"Mama alikufa," akasema. "Na ulisema alipiga."

Nilimwambia hapana, ni maombi tu. Hakuniamini. Aniamini kwa lipi?

Mama Julienne alinivuta pembeni. "Weye karani, ulisoma mingi. Lakini mutoto hawezi kupata habari ya mama yake kwa viti."

Viti viliondolewa. Waliomba wamesimama.

Jumapili, 9 Machi
Neema alikuwa hajagusa chakula tangu jana. Nilikaa naye mkekani nikamwambia yote. Mama hakupiga. Huko kuna vita. Sijui yuko wapi. Hakuna aliyeniambia amekufa.

"Na weye unaogopa?"

"Naogopa."

Alivuta sahani karibu. Kisha akala nusu ya kwanga, mkate wa muhogo. Nusu nyingine akala Plamedi.

Jumatano, 12 Machi
Sasa nampigia yaya jioni mbele yao, sauti juu. Mwanamke wa mtandao anasema kwa Kifaransa namba haipatikani. Plamedi humjibu, "Merci, mama." Leo Neema alicheka. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza. Nilimwacha alie.

Jumamosi, 15 Machi
Bado haipatikani.
Jirani alipita akamwuliza Neema kama kuna habari za mama. Nilikuwa nafua. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, nikamwacha ajibu.
"Hatujajua," akasema. "Tonton akijua, atatuambia."
Mvua ilianza kabla ya saa kumi. Nimeanika sare zao ndani.