Supu Niliyokuambia ni ya Ngege

Mama,

Nimeanza barua hii mara nne na mara zote nimeichana. Leo sichani. Ni Ijumaa, chakula cha Sabato kimeshaiva, na kesho asubuhi nitasimama mbele ya kanisa lako. Nataka wewe usikie kwanza.

Ile supu uliyokunywa kwangu Obunga siku zako za mwisho haikuwa ya ngege, sato wetu wa ziwani. Ilikuwa ya mumi, kambare asiye na magamba.

Nimesema. Ai, Mungu wangu!

Wewe, mama yangu! Wewe uliyekuwa unasimama sokoni Katito ukipitisha ukucha juu ya samaki kutoka mkiani kwenda kichwani, na usiposikia magamba unamrudisha, hata muuzaji akutukane vipi. "Mapezi nimeona. Magamba yako wapi?" Mimi mdogo naona haya, navuta leso yako twende. Na siku ile shangazi alipotuletea mumi mkavu, na ndevu zake na ngozi yake laini, ulimshukuru vizuri, ukampa chai. Alipoondoka ukampelekea jirani yule samaki, ukaisugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa. Nikakuuliza kama shangazi ataenda motoni. Ukacheka sana. "Yeye ale, nyathina, mwanangu. Mimi nimeahidi." Hukuwahi kumhukumu mtu kwa sahani yake. Uliahidi wewe, basi.

Halafu ukaugua. Ulipoletwa kwangu ulikuwa mwepesi hivi kwamba nilikubeba peke yangu kutoka barabarani. Uji unarudi, ugali hutaki hata kuuona. Jirani yangu Mama Apiyo akaniambia nisipoteze muda, nikupikie mumi, supu nzito yenye mafuta, itakuinua. Nikamwambia mama yangu ni wa Sabato, hali samaki asiye na magamba. "Kwani atajua? Toa ngozi, chuja vizuri."

Nikatoa ngozi. Nikachuja vizuri. Na sikia upumbavu wangu, Mama: ya Jumamosi niliipika Ijumaa, jua halijazama, ili nisivunje Sabato! Niliogopa kupika siku ya Bwana, lakini kukudanganya sikuogopa.

Siku ya kwanza ulionja, ukaniuliza, "Ngege wa Kisumu siku hizi hawana miiba?" Nikajibu haraka, "Nimeitoa yote, Mama." Ukatabasamu. Ukasema huna haja ya kukagua, si ni mkono wa mtoto wako. Kisha ukashika kikombe kwa mikono miwili, ukamshukuru Mungu kwa kukupa binti anayeshika amri zake. Na mimi nikasema Amina. Kwa sauti kabisa.

Wiki mbili, Mama. Kila siku Amina.

Ukapata nguvu ya kuketi. Siku moja ulitembea mpaka mlangoni ukasalimia majirani, nami nikajipongeza moyoni, nikasema umeona, Mungu mwenyewe amekubali. Juma lililofuata ukaenda.

Kwenye mazishi mchungaji alisema tangu ubatizo wako hakuna kitu najisi kilichopita mdomoni mwako. Akina mama wakanigeukia wakitikisa kichwa kwa heshima. Nikainama. Walidhani ni uchungu tu, na uchungu ulikuwepo, lakini aibu ndiyo iliyoniinamisha.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Gugu maji limefunika ziwa, maboti yanakwama ndani yake, na ngege wamekuwa adimu. Mumi ndiye amejaa. Kila nikienda kununua kitoweo namkuta amelala kwa karai na ndevu zake, na mimi napita upande wa pili kama mtu aliyekosana na jirani.

Kanisani nako vijana wanauliza kama zile sheria za vyakula za Walawi bado zinatuhusu. Mzee mmoja anasema ni za afya. Mwingine anasema ile shuka ya wanyama najisi aliyoona Petro kwenye maono ilihusu watu, haikuhusu nyama. Juzi mwalimu mmoja kijana akasimama akatukumbusha Yesu alivyofundisha, kwamba kinachoingia tumboni hakimchafui mtu, kinachomchafua ni kile kinachotoka ndani yake. Woi! Nilitaka benchi linimeze. Maana wewe hukuchafuka, Mama. Hilo naliamini, na ndilo linaloniletea usingizi. Uchafu ulikuwa ule wangu wa "nimeitoa yote." Wakati mwingine najitetea kwamba Mkristo yuko huru kula chochote. Sawa, huru nani? Uhuru huo ulikuwa wangu mimi. Wewe nilikunywesha bila wewe kujua.

Sasa wamenichagua nifundishe wasichana somo la vyakula safi kwenye makambi ya kanisa. Kiongozi wa akina mama alinikumbatia akasema, "Wewe ulimlinda mamako mpaka mwisho." Nikanyamaza tena! Nikarudi nyumbani na sifa isiyo yangu, nikashindwa kula.

Kesho naikataa kazi hiyo, na nitasema sababu mbele ya wote. Mama Apiyo anasema nimerukwa na akili. Anasema nilifanya kwa upendo, na pengine ulijua ukanywa tu ili kunifurahisha. Ningependa kuamini hivyo, lakini nakujua. Ungejua, ungeweka kikombe chini. Nimeshakuchukulia ahadi yako, siwezi kukuzulia na hiyo ridhaa.

Huenda wataniondoa kwenye kwaya. Huenda akina mama hawatanisalimia kwa muda. Wacha iwe. Wewe pia sikuombi unisamehe leo kwa sababu nimeandika barua moja. Nakuahidi hili: yeyote atakayelala mikononi mwangu, hata awe hoi namna gani, nitamwambia ukweli wa kilicho kikombeni, kisha nitangoja aseme ndiyo au hapana.

Ninachoogopa kesho ni swali moja tu, maana lazima mtu aulize kwa nini sikukuuliza mwenyewe. Akili yako ilikuwa timamu mpaka siku ya mwisho. Nitawajibu kama ninavyokujibu wewe sasa.

Pumzika, Mama. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa.

Binti yako,
Akinyi