Sinema Iliyomchekesha Baba

Mtinko,
14 Agosti 1975

Kaka Mughwai,

Shikamoo. Barua zangu mbili hujajibu, lakini naandika tu. Sisi wazima, ila mama anakohoa kidogo. Mtama tumepata magunia manne.

Jumamosi lilikuja gari la sinema, wakaonyesha darasani. Tumezoea sinema za mbolea na vyoo, kumbe hii ilikuwa ya kuchekesha, ya vijana wa shule. Baba alikuja kwa sababu tu mwenyekiti wa kijiji alitaka kila nyumba itoe mtu. Alikaa karibu na mlango ili awahi kutoka. "Upuuzi wa watoto," alisema.

Basi kwenye sinema kijana mmoja akatoroka shule akapige muziki. Baba yake akamtafuta kutwa, akachoka, akaketi juu ya kasha, na mwanawe amejificha humo humo! Baba yetu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Tangu ulipofuata bendi huko Arusha, hatujamsikia akicheka.

Jana nimekuta gitaa lako limetundikwa sebuleni, lile alilotuambia amelichoma. Nyuzi mbili zimekatika. Anauliza huko zinauzwa wapi.

Mdogo wako,
Marietha