Uani Haingiwi Bila Hodi

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatatu, 15 Machi 1999

Mpendwa mjukuu wangu Kahindi,

Salamu nyingi ziwe juu yako, na juu ya mkeo Rispah, na juu ya huyo kitukuu changu ambaye mpaka leo sijauona hata wayo wake kwenye picha. Hamjambo? Mwaionaje baridi ya huko? Mtoto anyonya vizuri? Na Rispah, mshono wake umefunga? Hilo la mwisho ndilo hasa nilitakalo jibu. Wewe mwenyewe najua u mzima, maana mgonjwa hana pumzi ya kupiga kelele kama ulizopiga.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yalalamika kwenye ngazi, lakini ngazi hizi nazipanda tangu babako hajazaliwa na hazijanishinda. Joto ni lile la kungojea mvua, hata kuta zatoka jasho. Idd ya kuchinja iko mlangoni. Baba yako mdogo Kalama hajambo, ila kwa sasa hatusemezani, na sababu ni wewe.

Umezoea nikuite mume wangu, kama kila nyanya amwitavyo mjukuu wake wa kiume. Tazama hapo juu, leo nimekuita kwa jina lako. Sikukosea. Hilo jina la mume nimeliweka juu ya kabati mpaka nione mwendo wako.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa hati hii ya ngumbaru, kama kuku aliyepekua jalala. Dadako Dama alitaka aipige kwenye kompyuta ikufikie leo leo. Nimekataa. Yule angeilainisha, kila nilipotia pilipili angetia sukari. Tena wewe ndiwe uliyesema mambo ya nyumba yetu yasipite huko. Haya, yanapita posta. Yakifika yamefika.

Maneno yako nimesomewa yote, mpaka yale ambayo ungemwona mtu ayasema mbele yangu ungemzaba kofi. Wasema Dama ameifanya nyumba yetu soko. Wasema mwanamke mwenye heshima zake hashindi akiandikiana na watu asiowajua. Wasema kompyuta ulimletea asomee uhasibu, si umbea, na kwamba Kalama aje aichukue. Umehukumu, umefunga faili, umekwenda zako. Shahidi hukuita hata mmoja. Mimi ni shahidi, nisikilize.

Nyumba zetu wazijua. Mbele ni ukumbi wa wageni, nyuma ni uani kwa wanawake. Uani ndiko mtu aliako, achekako, aulizako asiyoweza kuuliza mbele ya watu. Sasa wasichana wetu wameolewa wakapelekwa mbali, huku Maskati, huku Toronto, huku kwenu, kwenye nyumba zisizo na uani. Dama akawatengenezea mmoja usio na kuta. Mwanamke akiandika barua moja kwenye kompyuta, yawafikia wote waliomo. Hata wa hapa mjini wamo, wengine huandikia kwenye lile duka la Mwembe Tayari lenye mashine ya kukodi. Jina la mahali hapo ni Uani. Alianza na wenzake aliosoma nao. Sasa ni wengi hata mimi nimeacha kuuliza.

Yeye ndiye bawabu na ndiye mfagizi. Akija mwanamke mpya amwuliza ni nani na ameletwa na nani. Wakigombana, na wagombana, mara dini, mara nani ajua kupika biriani, huwaandikia mmoja mmoja pembeni mpaka wapoe. Kulikuja mwanamume muuza dawa za kunenepesha, amejiita Salma. Dama alimjua kwa namna alivyosalimu, kwa haraka kama mtu adaiye, akamtoa siku hiyo hiyo. Na kila mmoja hutumia jina alilojichagulia, wala hakuna amwulizaye la kwao. Wewe wasema hiyo si kazi. Mimi nimekanda wazazi wa mtaa huu kila wajifunguapo mpaka vidole vimepinda, na kazi naijua. Ni ile ambayo ukiiacha siku moja watu huja kukugongea mlango.

Sisi tusio na kompyuta nasi tumo. Baada ya alasiri wanawake huja hapa juu kwangu, watandika mkeka, Dama atusomea barua, nasi tusema majibu yeye ayapige. Simu yalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha yanyamaza, barua zimekwenda kwa waya wake. Ndiyo sababu ukipiga jioni huipati. Piga asubuhi.

Basi mwezi wa Januari akatusomea barua ya mzazi mmoja aliyejiita Mgeni wa Baridi. Amejifungua kwa kupasuliwa. Mumewe amerudi kazini upesi, na akitoka kazini aja na marafiki, auliza kumepikwa nini. Yeye asimama jikoni ameshika ukingo wa meko asianguke. Ni mtu wa bara, mamake hayuko duniani, ameolewa na mtu wa pwani. Asikia watu wa mumewe wakitaja arobaini ya mzazi kupumzika, na mkaja wa kufunga tumbo, na uji wa pilipili manga, lakini hana wa kumwonyesha. Auliza, aliyepasuliwa naye hufungwa?

Nilikasirika mpaka nikamwaga kahawa. Nikauliza, huyo mumewe amelelewa na nani, na ng'ombe? Jirani yetu Mama Chonga akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha nikamjibu yule mtoto wa watu pole pole. Nikamwambia mkaja asiutie juu ya kidonda kibichi, angoje. Nikamtajia cha kunywa na cha kuacha. Nikauliza kama hakuna mwanamke wetu aliye karibu naye. Akajibu mmoja, Mama Kamaludin, binti wa hapa hapa Kibokoni, yuko mji wa pili kwa treni. Jibu lake lilikuwa fupi: natoka kesho.

Sasa rudi kwenye barua yako ya Februari, ile ya furaha. Nimeitoa chini ya mto nikaisoma tena. Uliniambia serikali ya huko ni ya ajabu, imewaletea nesi mpaka nyumbani, tena nesi ajuaye Kiswahili, tena amkanda Rispah na kumpikia uji.

Kahindi. Serikali gani ijuayo uji wa pilipili manga?

Mama Kamaludin aliingia kwako amejifunga leso kiunoni. Ukamwamkia, ukampisha jikoni, ukala wali wake wiki nzima, ukamsifu kwangu kwa wino, na haikukupitikia kuuliza ametumwa na nani. Rispah hakukwambia kwa sababu hukuuliza. Mtu aliyeshiba haulizi mpishi ni nani.

Kisha mwezi huu ukafungua barua za mkeo, ukaikuta ile ya Januari. Ungeona haya, tungeelewana. Wewe ukaona hasira. Ukaijibu ukidhani wamwandikia Dama peke yake, na kumbe ukijibu barua ya Uani, jibu laenda kwa kila aliyemo. Ukatukana, ukaamuru, ukatia jina lako lote, la babako na la babu yako juu yake, na mtaa wenu huko. Mpaka siku ile, aliyemjua mume wa Mgeni wa Baridi hakumtaja kwa mtu. Aliyekutangaza Maskati na Toronto ni wewe, kwa kidole chako. Hukupiga hodi. Umeingia uani siku ya ngoma, na viatu.

Dama alikuwa atusomea, akakatika katikati. Nikamwambia soma. Akasema, nyanya, hii si ya kusomwa. Nikamwambia soma. Alipofika kwenye jina, wanawake wote waliangalia mkeka, Mama Chonga akaanza kukunja leso yake isiyohitaji kukunjwa. Ndipo nikajua yule niliyemfundisha kama mtoto wa watu ni mke wa mjukuu wangu. Na yule ng'ombe aliyemlea mumewe ni mimi.

Wageni walipoondoka nikamuuliza Dama kama alijua. Akasema alijua tangu barua ya kwanza, yeye ndiye aliyemtia Rispah Uani. Nikamwuliza iweje anifiche mimi, na ndani ya nyumba yangu.

Akanijibu, "Nyanya, ningekwambia wewe leo, kesho nani angeniambia mimi?"

Nilimnunia mpaka magharibi. Kisha wakati wa kupakua nikampakulia yeye kwanza. Makungwi wote niliowajua, wenye mvi zao, hawakuweza kufunga mdomo hivyo.

Ijumaa Kalama akaja na mwenye mkokoteni. Dama alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuwaaga wenzake, hajaituma, asema hataki kugombanisha nyumba. Nikamwambia aende jikoni achambue mchele. Nikavuta kiti changu nikakaa mbele ya kompyuta, tasbihi mkononi.

Kalama akasema, "Mama, mwenyewe ameamuru itoke."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa kompyuta."

"Basi aje aibebe mwenyewe. Simu ni ya babako, umeme ni wa nyumba yangu, na mjukuu aikaliaye ni wangu. Hicho chuma kikitaka kutoka, kitoke kwa miguu yake."

Akasema watu watasema nini. Nikamwambia watasema wanaume wawili na mkokoteni wamepanda ngazi kumnyang'anya msichana kazi yake, na wasiposema, Mama Chonga atawasaidia, na sauti yake yafika Mbaraki. Mwenye mkokoteni akageuka ukutani kucheka. Nikampa chai na mahamri. Kalama hakunywa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wako ni mvulana au msichana, maana hujamwambia. Nikamwambia ni msichana. Akatazama ile kompyuta, akashuka. Mkokoteni ulirudi mtupu.

Ile barua ya kuaga Dama ameifuta mbele yangu. Kwa hiyo jua: kompyuta haitoki, Uani haufungwi, na Rispah haondoki humo. Ukimtoa, nitapanda ndege kwa magoti haya haya. Wasema heshima ya nyumba imevunjika. Heshima ya nyumba ni mzazi asisimame jikoni. Ilivunjika hapo, na walioiokota ni hao wanawake uliowaita watu asiowajua.

Lililobaki ni faini yako. Wewe wasali Jumapili, mimi Ijumaa, lakini hodi ni moja kwa wote. Kwetu mwanamume akiingia uani siku ya ngoma bila hodi, hatoki mpaka akae kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akune mbele ya wanawake wote. Babu yako, Mungu amrehemu, siku ya harusi ya shangazi yako aliingia kutafuta taa. Alikuwa msimamizi wa makuli gatini Mbaraki, wanaume walimwogopa. Tulimkalisha akakuna, na vigelegele juu. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga hodi hata kwenye banda la kuku.

Wanawake wa Uani wameulizwa na wamekubaliana. Utaandika mstari mmoja wa hodi, uutume pale pale ulipotuma matusi, kisha ungoje nje. Hutaeleza, hutajitetea. Wakikujibu karibu, utaingia useme samahani, utoke. Wasipokujibu, kaa hapo hapo mlangoni, baridi si umeizoea. Na katika arobaini ya Rispah kuna siku alizosimama ambazo alistahili kulala. Utamlipa. Utatoka kazini uje peke yako, uingie jikoni, umpikie wali wa nazi kwa mkono wako, nazi ya kukuna, si ya mkebe. Mama Kamaludin ajua duka la Wahindi liuzalo nazi, na atakuja mwenyewe kuangalia. Huyo hadanganyiki.

Mbuzi nimekwisha kukutumia. Kakake Mama Kamaludin asafiri wiki hii, ameitia katikati ya nguo zake. Ni ile ile aliyokalia babu yako, meno yake nimeyanoa. Nasikia huko watu huitundika ukutani ikawa pambo la kuonyesha wageni. Usithubutu. Ndani yake nimefunga mkaja wangu mwenyewe, wa Rispah. Mwambie aufunge tumboni mshono ukishakauka sawasawa, na akiwa na swali aliulize Uani kama kawaida, kwa jina lile lile. Nitajifanya simjui.

Dama akusalimu, na hakununii, yeye ana moyo kuliko mimi. Mama Chonga asalimu, akicheka. Kalama hakunituma salamu, lakini namjua mwanangu, zipokee. Nisalimie Mama Kamaludin na umshike mkono kwa heshima, huyo ndiye serikali yako. Mbusu mtoto kwenye utosi kwa niaba yangu. Mungu awape afya na riziki ya halali, akulainishe kichwa chako, na anipe uhai nimpakate huyo msichana kabla hajaanza kunijibu.

Nami nikupendaye hata nikikukaripia,
nyanya yako, na ukishakuna, mkeo tena,

Mejumaa