Mkono wa Mninga Uliotundikwa Mtini

Dada Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya la kijinga, mimi ni seremala hapa Gonja na nampenda Dorkas, ambaye mwaka juzi mashine ya mkonge kule tambarare ilimkata mkono wa kulia, basi nikakaa miezi minne nikimchongea mkono wa mninga, vidole vitano na kucha zake, nikaupaka vanishi, ambayo miaka yote ya shida haikuonekana na niliifuata Same maduka yalipoanza kujaa tena, na mkono huo unashika kitabu cha nyimbo vizuri kabisa, akauvaa kanisani watu wakanipa hongera, nami nikaanza kujiandaa kupeleka posa. Jumamosi likapigwa baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima tukaenda kuzibua mfereji, nikamkuta Dorkas ametundika mkono wangu kwenye mparachichi, na kwenye kigutu amefunga jembe kwa mpira wa baiskeli, anachimba tope kuliko wanaume, na watu wananiuliza, "Fundi, mkono wako umechoka?" Nilipomuuliza akasema, "Fanueli, ule ni wa kuimbia." Nimeona aibu, siku tisa sijapita kwake, na posa nafikiri niiache. Je, hanitaki?

Fanueli

Marahaba, Fanueli.

Pole kwa aibu, ingawa nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Miezi minne umeshinda na mkono wa Dorkas, ulimuuliza hata siku moja anataka kuufanyia nini? Ulichonga unachopenda kukitazama wewe. Yeye ana shamba na makande ya kupika, na juma lina siku sita zisizo za ibada. Tena mninga, baba, ni mzito, ni wa vitanda.

Hakukukataa. Asiyekutaka angeuacha kwenye tope. Yeye aliutundika juu usilowe.

Sasa acha kununa. Nenda kwake kesho na kamba ya kupimia. Kaa jikoni, mtazame anavyomenya ndizi na kufunga kanga, umuulize panapomuuma. Kisha mshonee kikombe chepesi cha ngozi cha kuvaa kwenye kigutu, chenye tundu la kuchomeka jembe, kisu au mwiko, avibadilishe mwenyewe. Mpira wa baiskeli ni wazo lake, na ni zuri kuliko lako, kwa hiyo anzia hapo. Akisema panabana, usibishane, rudi karakana ukapanue.

Halafu peleka posa. Na ule wa mninga usiuchome kwa hasira: siku ya harusi mtaimba, na atahitaji wa kushikia kitabu.