Maji Aliyomimina Masalu kwenye Bomba la Tuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Majimoto

Jina: Spès Nizigiyimana. Umri: miaka 23. Uraia: Mtanzania. Dini: Mkristo. Kazi: karani wa kikosi cha uchunguzi wa bwawa. Makazi: Majimoto.

Nimeonywa kusema kweli, nami nasema kweli.

Kikosi chetu kinachunguza ardhi na maji yaliyo chini ya tuta la bwawa la umwagiliaji lililopo kijiji cha Mamba. Tumechimba matundu matatu kwenye tuta na kuweka mabomba membamba. Kila asubuhi nashusha futi kuona maji yamesimama wapi ndani ya bomba. Yakipanda ghafla, huenda tuta linavuja kwa ndani, na tuta la udongo likivuja hivyo hubomoka.

Mnamo tarehe 12 Machi 2024, saa moja asubuhi, nilipima bomba la kati. Siku zote maji huwa mita sita chini. Siku hiyo yalikuwa karibu na mdomo. Nilipima tena. Yalikuwa palepale. Nilimpigia simu Mhandisi Heri, aliyekuwa Majimoto kutafuta dizeli. Akasema, "Toa watu mashambani, nakuja." Nilishuka mbio nikipiga kelele.

Wakulima wa mpunga walikimbilia mlimani. Mmoja wao, Dorotea, alisema alimwona Masalu, mfugaji, akiwa juu ya tuta na ndoo alfajiri. Akapaza sauti, "Kulisha ng'ombe mpunga wetu hakukuwatosha, sasa wanatuzamisha!" Vijana walimkamata Masalu, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe wake mwenyewe. Mmoja alikuwa na rungu. Niliogopa, maana kelele nilizianza mimi. Nikamwuliza, "Kaka Masalu, ulifanya nini pale?"

Akajibu, "Nilikiamsha kisima, dada. Pampu ya kwetu usipoimiminia ndoo mbili haitoi maji. Nyie wasomi mmechimba kisima, mpini mmesahau."

Hakuna aliyecheka. Mgambo walimleta hapa kituoni kabla hajapigwa.

Mhandisi alipofika tulichota maji ya bomba kwa kopo jembamba lililofungwa kamba, hadi yakarudi mita sita. Tukasubiri. Hayakupanda. Mabomba mengine mawili hayakuwa yamebadilika, na chini ya tuta palikuwa pakavu. Mhandisi akasema, "Tuta ni zima, Spès. Pumua." Nilikaa chini nikalia.

Dorotea alinipa maji kwenye kikombe. "Kunywa, mwanangu. Ila usiyamimine kwenye bomba." Hapo watu wote wakacheka, hata yule wa rungu.

Masalu hakukusudia kumdhuru mtu. Bomba halikuwa na kufuli, na hakuna aliyewaeleza wafugaji kwamba si kisima. Naomba aachiwe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: S. Nizigiyimana

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mwenyewe, shahidi akiwa na akili timamu. Masalu ameachiwa saa tisa alasiri na kukabidhiwa ndoo yake. Aliuliza ng'ombe wake wako wapi. Shahidi alimjibu kwamba Dorotea anawachunga, mbali na mpunga.